Fundi wa kompyuta asilipwe kabla ya jaribio

Vyama vya ushirika na maduka mengi ya pembejeo sasa huweka hesabu kwenye kompyuta. Ndani yake zipo programu zinazofanya kazi kimyakimya, bila kuonekana kwenye skrini: ya kupokea uzito kutoka kwenye mzani, ya kutunza malipo, ya kuchapisha risiti. Moja ikisimama, foleni ya wakulima nayo husimama.

Kinga ipo na haina gharama. Katika Windows, programu ya aina hiyo hupangiwa ianze yenyewe kompyuta inapowashwa, hata kabla karani hajaingiza nywila. Hupangiwa pia la kufanyika ikianguka mara ya kwanza, ya pili na zinazofuata: iwashwe upya, programu nyingine iendeshwe, au kompyuta nzima iwashwe upya.

Lakini kuiwasha upya bila kikomo ni kumtibu ng'ombe homa huku kupe wakiachwa. Mara mbili zinatosha. Ya tatu, programu ya kumwarifu fundi iendeshwe na kumbukumbu za hitilafu zisomwe.

Viongozi wasimlipe fundi kabla hajaikatisha programu ghafla mbele yao, nao wakaona inarejea yenyewe.