Asilimia 100 ya watoto gani?

Goma, mwezi wa 7, 2023



Mwaka wa masomo umeisha, na ku milango ya masomo yetu wamebandika makaratasi: «ENAFEP: asilimia 100». Kwingine wameandika 97, kwingine 98. Watoto wamepakwa poda ku kichwa, pikipiki zinapiga honi, mama wanaimba. Mutoto aliyeshinda apongezwe. Mwalimu aliyemufundisha miezi yote bila mushahara apongezwe mbele ya wote. Hatukuje kuwaharibia furaha. Lakini tuko na ulizo moja, na tunaliuliza kwa sauti: asilimia 100 ya watoto gani?

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme masomo moja ya serikali iliingiza watoto 120 mu mwaka wa kwanza. Nyuma ya miaka sita, watoto 40 njo wanaandika egzame ya mwisho, na wote 40 wanapita. Ku mulango wataandika 100. Hakuna bongo mu ile namba. Lakini wale 80 wengine wako wapi? Ukiwahesabu nao, ile 100 inashuka mpaka 33. Huu ni mufano tu, hatusemi masomo fulani. Lakini muzazi wa Majengo, wa Ndosho ao wa Mugunga anaweza kufanya hesabu yake mwenyewe: ni watoto wangapi waliingia siku moja na mutoto wako, na leo wamebaki wangapi?

Wale wanaokosa, wengi hawakuanguka egzame. Egzame hawakuiona hata kwa macho. Kuko musichana aliyeachishwa mwaka wa ine juu ya kushota mayi na kulea wadogo zake. Kuko kijana anayesukuma chukudu ku barabara saa wenzake wako wanasoma. Kuko yule waliyemurudisha nyumbani juu ya feza ya buletini ao ya karatasi ya egzame, akaona haya kurudi. Na kuko yule ambaye wazazi wanatuambia habari yake kila mwaka: mutoto dhaifu, anabakizwa mwaka wa tano ili asishushe asilimia ya masomo. Hawa wote hawamo mu ile namba ya ku mulango.

Sasa angalieni namba ingine. Banque mondiale ilikadiria kama mu Kongo, kwa watoto 100 wa miaka kumi, 97 hawawezi kusoma maandiko mafupi na kuyaelewa. Tisini na saba! Inawezekana namna gani inchi ya namna hiyo iwe na milango yenye imejaa 100? Jibu ni jepesi. Ile hesabu ya 97 inaingiza pia watoto ambao hawako ku masomo. Hesabu ya ku mulango inawatosha. Moja inaanza na watoto wote, ingine inaanza na wale waliobaki.

Katiba ya tarehe 18 mwezi wa 2, 2006, ku artikle ya 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ni ya bure mu masomo ya serikali. Tulingojea miaka 13, mpaka mwezi wa 9, 2019, ili serikali ianze kuheshimu ile neno «bure». Mamilioni ya watoto waliingia. Sisi tulifurahi na mpaka leo tunasimama na ile mapashwa. Lakini madarasa hayakuongezeka sawa na watoto. Ku kiti cha watu wawili wanaketi ine. Mwalimu mumoja, ubao umoja, na nyuma ya darasa mutoto hasikii kitu. Mbele ya hapo, sheria ya 2014 ilisema mu miaka ya kwanza mutoto afundishwe mu lugha yetu. Lakini vitabu vya Kiswahili viko wapi? Halafu nyuma ya miaka sita anaulizwa mu Kifaransa.

Hapa kwetu kuna ingine tena. Tarehe 22 mwezi wa 5, 2021, lava ya Nyiragongo ilibeba nyumba na ilibeba masomo pia. Kuanzia mwisho wa 2022, familia za Rutshuru na Nyiragongo zilikimbilia Kanyaruchinya, chini ya mashiti. Kuko madarasa ambayo yaligeuka mahali pa kulala. Mutoto wa mukimbizi aliyeacha buletini yake ku nyumba iliyochomwa, nani anamuandika? Na kama hakuandikwa popote, atakosa mu hesabu ya nani? Kwa serikali, yule mutoto hakuanguka na hakupita. Hayuko.

Na tukumbuke: wachunguzi wa IGF walipoangalia listi ya SECOPE, walikuta masomo ya uongo na walimu wa uongo wanaolipwa mushahara. Muone ile maajabu: inchi inaweza kuhesabu masomo ambayo hayako, na inashindwa kuhesabu watoto ambao wako.

Kuko watu wanasema: «Rudisheni prime. Ile gratuité njo iliua masomo.» Tunawajibu: hapana. Wakati wa prime, mufuko wa muzazi njo ulikuwa unachagua nani ataandika egzame. Mutoto wa mwenye kukosa alikuwa anafukuzwa mapema, darasa linabaki dogo, asilimia inapanda, na watu wanaita hiyo «ubora». Ubora wa kufukuza masikini hatuutaki tena. Bure bila walimu waliolipwa haitoshi, ni kweli. Dawa yake ni kulipa mwalimu, si kufukuza mutoto.

Direktere watatuambia: «Watoto wengine wamehama tu, si kosa letu.» Sawa. Basi waandike: hawa wamehama, hawa wameachia, hawa wamefariki, hawa hatujui wako wapi. Ile «hatujui» ikiandikwa, tutajua pa kuanzia kutafuta.

Ndiyo maana tunaomba:

1. Mbele ya mwezi wa 9, kila masomo ya msingi ya serikali, pamoja na zile zinazoongozwa na makanisa na waislamu, ibandike ku mulango: watoto wangapi waliingia mwaka wa kwanza miaka sita iliyopita, wangapi walibaki kila mwaka, wasichana wangapi, wavulana wangapi, wakimbizi wangapi, wangapi waliandika ENAFEP, wangapi walipita. Namba tu, bila majina ya watoto.

2. Wakubwa wa masomo wa Goma na wa Nyiragongo wakusanye zile namba na kuzitangaza kwa raia wote.

3. Mutoto wa mukimbizi aandikwe pale alipo leo, hata kama hana karatasi.

4. Walimu wapya na wale wasiolipwa, wale munaita NU na NP, waingizwe ku mushahara. Mwalimu mwenye njaa hawezi kushikilia darasa la watoto mia.

5. Hakuna mutoto wa kufukuzwa juu ya feza. Muzazi akiombwa feza, aombe reçu, na ile reçu aionyeshe.

Wazazi, musingojee sisi. Mwende ku komite ya wazazi, na mbele ya kuuliza «asilimia ngapi?», muulize «waliingia wangapi?». Vijana, kila mumoja ku avenue yake ahesabu watoto ambao asubuhi hawaendi ku masomo. Nyumba kumi kwa nyumba kumi, bila fujo, bila kutukana mwalimu. Mwalimu si adui, naye ni mwenye kudai.

Siku moja tutapiga honi kwa asilimia 60, kama ni 60 ya watoto wote walioingia. Hiyo tutaicheza mpaka usiku. Lakini 100 yenye kuficha watoto 80, hatuichezi.

Watoto wote wahesabiwe!