Kimombo Kilinikwamisha Juu ya Mombo

Washikaji, juzi nilikuwa kwenye majaribio ya kazi ya kutembeza watalii Lushoto. Tukiwa Irente, Mzungu mmoja akauliza kwa nini masika barabara ya Mombo hukatika wakati mwingine. Nikashusha ung'eng'e: "Landslides result in rain." Akatoa macho. Kumbe nimesema maporomoko ndiyo yanaleta mvua! Ilitakiwa "result from", yaani yanatokana na mvua. "Result in" ni kusababisha. Kijineno kimoja tu, mtoto kamzaa mama! Sasa nakariri: "stem from" inarudi kwenye chanzo, kama "come from", "lead to" na "bring about" zinakwenda kwenye matokeo. Kazi kapewa jamaa mwingine. Jumatatu narudi kujaribu tena.