Goti likiumia, tupimwe kabla ya kukatwa

Kwenye viwanja vyetu vya mpira Butembo na Beni tumeshaona hili: kijana anageuka ghafla, hakuna aliyemgusa, anaanguka akishika goti. Jioni goti limevimba. Mara nyingi imekatika ligamenti ya ndani, ile inayozuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele. Wengine wanaumia hivyo kwa ajali ya pikipiki. Kwa mhami wa vita ni taabu juu ya taabu: goti linalolegea halifiki shambani, halibebi bidoni ya maji, halikimbii siku ya hatari.

Kuna upasuaji wa kutengeneza ligamenti hiyo. Njia inayotumika sana ni kuchukua kano mbili za nyuma ya paja la mgonjwa mwenyewe, kuzikunja ziwe nyuzi nne, kisha kuzipitisha ndani ya goti. Shida ni unene. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba kamba yenye unene chini ya milimita 8 iko katika hatari zaidi ya kukatika tena. Na mara nyingi daktari anaujua unene huo kano zikiwa zimeshatolewa.

Ndiyo maana madaktari wa nchi mbalimbali wanajaribu kukisia mapema kwa urefu, uzito na mzunguko wa paja. Kwa kawaida mtu mfupi ana kano nyembamba kuliko mrefu. Vyombo vyenyewe ni mzani na utepe kama wa fundi cherehani.

Maoni yangu ni haya: kila mgonjwa apimwe hivyo kabla familia haijauza mbuzi au kipande cha shamba ili apelekwe mbali, hata kuvuka Kasindi. Vipimo vikionyesha kano nyembamba, daktari ajiandae mapema na kano nyingine, kwa mfano ile iliyo chini ya pia ya goti.

Lakini utepe usiwe hakimu. Hesabu nyingi zimetokana na miili ya watu wa kwingine. Mhami aliyekonda kwa njaa, uzito wake wa leo unadanganya. Paja la mguu mgonjwa nalo hunyauka, basi lipimwe na lile zima. Urefu wa mtu mzima ndio haubadilishwi na njaa. Na mama mfupi asiambiwe «haufai» kwa sababu ya utepe peke yake.

Naomba hospitali zinazofanya kazi hii ziandike kwenye daftari vipimo vya kila mgonjwa, pamoja na unene wa kano uliopatikana. Polepole tutapata hesabu yetu wenyewe.

Nawe mwenye goti, muulize daktari: Nahitaji upasuaji, au mazoezi yanatosha? Utachukua kano gani? Ukiikuta nyembamba, utafanyaje? Kuuliza si ujinga. Goti ni lako, na shamba litakalouzwa ni la watoto wako.