Hesabu Ni Ngao ya Mnyonge

Mkulima auzaye magunia kumi ya viazi, kila gunia likiwa na lumbesa ya kilo 20 juu ya kilo 100, humpa mnunuzi kilo 200 bure. Hayo ni magunia mawili kamili! Amelima yeye, amepalilia yeye, na faida ameila mwingine. Sheria ya vipimo yakataza lumbesa, lakini sheria haiwezi kusimama katika kila shamba. Asimamaye pale ni mkulima mwenyewe, pamoja na hesabu aliyo nayo kichwani.

Kwa hiyo twasema kwamba kufundisha hesabu si jambo la walimu peke yao. Wazee wetu walilijua hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walichoka kupunjwa kwenye mizani za wanunuzi. Waliungana, Paul Bomani akiwa mmoja wa viongozi wao, na mwaka 1955 vyama vyao vikaunda muungano mkubwa wa ushirika. Walianza kwa kutazama mizani inasema nini.

Sasa tutazame madarasa yetu. Mtoto wa darasa la tano au la sita huimba kanuni asiyoijua maana. Mwalimu huandika ubaoni, mtoto hunakili. Akikosea huchekwa au huchapwa. Matunda yake twayaona: kwa miaka mingi, katika mtihani wa kidato cha nne, wanaoshindwa hesabu wamekuwa wengi kuliko wanaofaulu.

Je, watoto wetu ni wajinga? Hata kidogo! Mtazameni kijana kwenye bao, lenye mashimo 32 na kete 64. Kabla hajazishika kete amekwisha kujua ya mwisho itaangukia wapi. Kichwa hicho hicho ndicho kinachoogopa daftari. Basi kilichokosekana si akili, ni namna ya kufundisha.

Twataka mtoto ashike kitu ndipo aandike. Wanafunzi wazungushe kamba kwenye gurudumu la baiskeli, kisha waipime kamba hiyo kwa upana wa gurudumu. Itaingia mara tatu na kubaki kipande kidogo, kama sehemu moja ya saba. Wajaribu kwa ndoo, kwa sufuria, kwa mfuniko wa pipa: jibu ni lile lile. Baada ya hapo, 22 kwa 7 haitakuwa tena uchawi wa mwalimu. Wasimamishe fimbo ya mita moja juani. Ikiwa kivuli chake ni nusu mita, na kivuli cha mnazi wakati huo huo ni mita 6, basi mnazi una mita 12, wala hakuna aliyeupanda. Wachukue kamba yenye vipande 12 vilivyo sawa, waivute kwa 3, 4 na 5, wapate pembe mraba kama fundi anavyopima msingi wa nyumba.

Wako watakaosema kwamba huu ni mchezo, na kwamba darasa la watoto themanini halina nafasi ya mchezo. Twakubali kwamba mzigo wa mwalimu ni mzito, na Serikali haina budi kuupunguza. Lakini watoto themanini ni makundi manane, na makundi manane yahitaji kamba nane. Somo lililonakiliwa bila kueleweka hurudiwa mara tatu. Huko ndiko muda unakopotea.

Mwaka 1967 siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilitufundisha kwamba shule imwandae mtoto kwa maisha atakayoishi. Basi shamba la shule liwe pia daftari la hesabu: lipimwe, mbegu zihesabiwe, mavuno yapimwe kwa mizani na watoto wenyewe. Mzazi amtume mtoto sokoni, kisha amwulize chenji imepatikanaje. Na kila tawi la chama limtafute fundi seremala, mwashi au karani wa ushirika, aende darasani walau siku moja kila muhula, achukue na vyombo vyake.

Mtoto anayejua kupima leo, kesho hatapunjwa. Na taifa ambalo watu wake hawapunjiki, nani atalionea?