Mashine iko na mwenyewe, mkono wa munganga hauna

Siye vijana wa Mapendo, Goma, tuko na diplome ndani ya kabati na kazi hatuna, basi jioni tunabishana. Juzi ubishi ulianzia kwa mama jirani mwenye kuuza makala. Haoni tena franga anazorudishia watu. Ni mtoto wa jicho. Mmoja wetu akauliza: ile laser ya macho, mwenyewe ni nani?

Mwaka 1988 Patricia Bath, munganga mwanamke mweusi wa Marekani, alipata hataza, yenye siye tunaita breve, ya chombo cha laser cha kuondoa mtoto wa jicho. Hapo hatuna neno. Alitengeneza kitu, kiwe chake.

Lakini mwaka 1992 kampuni mbili za huko, Summit na VISX, ziliweka breve zao za laser ya kurekebisha macho ndani ya kapu moja, na kila operesheni ikadaiwa dola 250. Mwaka 1998 serikali yao yenyewe ikazishitaki kwa kuua ushindani, kapu likavunjwa.

Mbaya zaidi ni ya munganga Samuel Pallin. Breve yake haikuwa ya mashine, ilikuwa ya namna ya kupasua jicho bila kushona! Akamshitaki munganga mwenzake. Mwaka 1996 mahakama ikatamka madai ya breve hayana nguvu, na bunge la Marekani likawakinga waganga. Kenya na Uganda sheria inakataa kabisa breve ya namna ya kupasua mgonjwa. Chombo, ndiyo.

Kwetu sheria ni ya tarehe 7 Januari 1982, ya Mobutu. Na Shirika la Biashara Duniani limeziachia nchi maskini kama yetu nafasi mpaka 1 Julai 2034. Siku bunge la Kinshasa litaigusa sheria ile, tunataka iandikwe wazi kama Nairobi na Kampala.

Tusidanganyane: leo si breve inamfunga mama jirani, ni pesa. Operesheni yake hata haiombi laser, kuna ya mkono, kisu kidogo na lenzi. Ndiyo maana kesi ya Pallin inatuogopesha kuliko ile ya dola 250.

Yeye mama anasema akiona tena, ataanza na kuhesabu deni zetu za makala.