Nguo za Safari Zitiwe Mkasi

Ni ada ya wasafiri wengi wa nchi zetu kurejea nyumbani na nguo: doti ya kanga kutoka Unguja, kikoi cha Lamu, kitenge kilichovuka ziwa kutoka Kongo, na ni ada yao vilevile, zisipotolewa hiba, kuzikunja na kuzitia kashani, ambamo hukaa miaka mingi pasipo kuvaliwa wala kutazamwa, mpaka penye mikunjo pakaanza kupasuka. Mimi naona kuwa taadhima ya namna hiyo ni dhuluma, na kwamba nguo iliyonunuliwa kwa mapenzi mbali na nyumbani yastahili kutiwa mkasi, ikaungwa na nguo za miji mingine, ukapatikana mfarishi wa kujifunika.

Wako watakaochukizwa. Kanga, watasema, ina pindo, mji ulio katikati na jina lililoandikwa, na aikataye ameiharibia kauli yake. Hoja hiyo naiheshimu, lakini yasahau asili ya kanga yenyewe. Kwani husimuliwa kuwa katika karne ya 19 wanawake wa pwani yetu walinunua leso zilizouzwa kwa jora, wakazikata sita sita, wakazishona tatu juu na tatu chini, wakapata vazi ambalo hapana mfanyabiashara aliyekuwa amelifikiri, hata wenye maduka wakalazimika kuagiza nguo nzima zilizopigwa chapa kwa kufuata ubunifu wao. Kanga ilizaliwa kwa mkasi na sindano.

Na ng'ambo ya bahari, katika jimbo la Karnataka nchini India, wako Wasidi, wazao wa Waafrika ambao wengi wao walivushwa huko utumwani, na wanawake wao hadi leo hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa nguo kuukuu za jamaa zao: huanzia ukingoni, wakazunguka kwa bandi wakielekea katikati, kisha katika pembe hutia vipande vilivyokunjwa pembetatu, ambavyo pasipo hivyo kazi huhesabiwa kuwa haijatimia. Sijui ushahidi ulio bora kuliko huo kwamba kuunga vipande ni ustadi wenye hadhi kamili, si dalili ya ufukara.

Anayetaka kuanza na azifue kwanza nguo zote kwa maji baridi, kila moja peke yake, kwa sababu pamba hurudi, na rangi nyekundu ya kanga mpya huweza kuchafua nyeupe ya jirani yake. Kanga ni nyepesi, kitenge ni kizito zaidi, na kikoi hufumuka nyuzi upesi. Kwa hiyo robo inchi ya mshono itoshayo kanga haikitoshi kikoi. Kila mshono upigwe pasi kabla ya kuungwa na mwingine.

Lakini taabu kubwa ni nakshi. Nguo za safari zote zina sauti kubwa, na zikibanana hapana isikikayo. Ndiyo maana mifarishi ya kisasa huacha uwanja mpana usio na maua, kama ilivyo katika mingi ya mifarishi ya wanawake weusi wa Gee's Bend, Alabama, iliyotundikwa mwaka 2002 katika Whitney Museum mjini New York, baada ya kushonwa kwa nguo za kazi zilizochakaa. Sisi tunayo kaniki. Weusi wake ukitandazwa kati ya vipande vya kanga na kitenge, kila kimoja hupata nafasi ya kusema. Na jina la kanga, ambalo mimi nashauri likatwe zima, lipewe mahali palipo wazi, hata ikiwa litakaa upande na kuharibu ulinganifu. Ndani itiwe pamba, na bitana iwe marekani.

Juu ya bitana hiyo fundi ashone kwa uzi jina lake, mwaka, na miji ambamo kila nguo ilipatikana, kwa sababu atakayeurithi mfarishi hataweza kuutambua mji wa Bukavu, huko Kongo, kwa kutazama maua ya kitenge.