Twende Karura kwa Baiskeli

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza: msitu usio na wageni hupotea bila mashahidi. Kwa sababu hiyo naona shule zetu za Nairobi na viunga vyake ziwapeleke wanafunzi Msitu wa Karura kuendesha baiskeli, angalau mara moja kila muhula.

Karura ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka wa 1932. Una zaidi ya hekta 1,000, nao uko karibu na katikati ya jiji. Si ajabu wenye tamaa waliumezea mate! Kufikia 1998 sehemu zake zilikuwa zimegawiwa wajenzi wa kibinafsi. Marehemu Profesa Wangari Maathai na wenzake walisimama kidete. Januari 1999 walishambuliwa walipokwenda kupanda miche, naye akajeruhiwa kichwani. Jamani, damu ilimwagika ili miti ile isimame. Je, tuurithi msitu ambao hatujaukanyaga?

Njia ya baiskeli pale ni ya wastani. Bingwa hataidharau na mgeni hataikimbia. Ukiteremka kuelekea mtoni, mizizi inakutikisa usukani na lazima ushike breki. Ukipanda ng'ambo, unahema mpaka unatamani kushuka usukume. Kwenye makutano ya njia kuna namba, hivyo ukiwa na ramani hupotei. Kwa miguu niliwahi kuona kipande tu cha msitu. Kwa baiskeli niliuelewa zaidi: mahali mikalitusi iliyopandwa inapokwisha na miti ya asili kama mihugu inapoanza, yaliko maporomoko ya maji, na yaliko mapango waliyojificha wapiganaji wa Mau Mau.

Wapo watakaosema, "Ah, hiyo ni starehe ya matajiri wa Runda na Muthaiga." Kweli, kiingilio na kodi ya baiskeli si haba kwa mtoto wa mlalahoi. Lakini baiskeli yenyewe ni ya nani? Kule Busia, bodaboda za kwanza zilikuwa baiskeli hizi hizi, zikivusha abiria na mizigo mpakani. Baiskeli ni yetu tangu zamani. Kuhusu pesa, chama kichange kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Wengine watalalamika kwamba magurudumu huharibu msitu. Hapo wana hoja. Mwendeshaji akikata kona nje ya njia, anang'oa majani. Mvua ikinyesha, maji yanafuata alama ile ile na kubeba udongo hadi mtoni. Basi tuwe na adabu: tusitoke njiani, tuwapishe waendao kwa miguu, tupige kengele mapema, na tusiende mara tu baada ya mvua kubwa.

Kijana aliyetoa jasho kwenye miinuko ya Karura hatakubali kutia sahihi hati ya kuugawa atakapokuwa mkubwa ofisini. Wala hatanyamaza akiona mwenzake ameshika kalamu. Walimu wetu wapendwa, mwaonaje? Muhula ujao si mbali, na samaki mkunje angali mbichi.